Sauti Iliyovuka Maji: Siti binti Saad na Kesi ya Kijiti

Jua linapotua Kashikishi, katika wilaya ya Nchelenge, wavuvi husukuma mitumbwi yao majini na askari wa zamu huanza kazi yake. Mbele yake limetanda Ziwa Mweru, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo. Hapana ukuta wala seng'enge. Mtu aliyetenda kosa ufukweni jioni aweza kuwa upande wa pili kabla ya alfajiri, na wanaobaki kuhojiwa ni jirani aliyeona, mke aliyeachwa nyumbani, au mama muuza samaki aliyempa maji ya kunywa bila kujua habari zake. Kwa sababu ya jambo hilo, yaani mkosaji aliyevuka na shahidi aliyebaki, wasikilizaji wa jeshi na polisi wana haja ya kumfahamu mwanamke mmoja wa Unguja ambaye hakuvaa sare maisha yake yote. Huyo ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliyefariki dunia tarehe 8 Julai 1950.

Yamkini yupo askari atakayeuliza mwimbaji wa Unguja ana uhusiano gani na ufuko wa Mweru. Uhusiano wa kwanza ni lugha. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa Pwani ilifika mpaka kwa Mwata Kazembe, na David Livingstone alipofika katika nchi hiyo mwaka 1867 alimkuta huko mfanyabiashara Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amekwisha kukaa miaka mingi. Wapagazi wengi wa misafara ile walikuwa Wanyamwezi. Msiri naye, aliyeanzisha dola ya Garenganze magharibi ya mto Luapula, alikuwa ametoka pande hizo hizo za Unyamwezi. Kiswahili kilibaki nyuma yao, na hata leo ndicho kinachosikika Pweto na Kilwa ya Kongo, na ndicho walichokuja nacho wakimbizi wengi waliovuka mpaka tangu mwaka 2017 na kupewa makazi Mantapala, humo humo wilayani Nchelenge. Askari anayepokea maelezo ya mtu aliyekimbia vita huko hutumia, pengine bila kufikiri, lugha ile ile ambayo Siti aliiingiza katika santuri.

Uhusiano wa pili ni wa damu. Baba yake Siti alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa watu wenye asili ya utumwa. Siti alizaliwa kijiji cha Fumba yapata mwaka 1880. Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha pigwa marufuku Unguja mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali, na haukuondolewa katika sheria hadi mwaka 1897. Jina alilopewa mtoto yule alipozaliwa ni Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, sauti yake ilipokwisha kumpatia nafasi mbele za watu.

Elimu ya shule hakuipata. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, na kazi yake binti ilikuwa kuvichukua vyungu kichwani hadi mjini na kuvinadi mitaani. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba hapo ndipo watu walipoanza kuisikia sauti ile. Mtu aliyekuwa ndani ya nyumba alijua kwamba vyungu vya Fumba vimefika kabla ya mwuzaji kuonekana. Jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Mwenye kuuza kwa kunadi hufundishwa na njia yenyewe: ajue kupumua huku anatembea na mzigo, ajue neno gani alivute na lipi alikate, na asikike juu ya makelele ya sokoni pasipo kupayuka. Wapo walimu wa muziki wanaotumia miaka kumfundisha mwanafunzi mambo hayo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya wakati ule ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala toka mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa ameileta kutoka Misri kwa ajili ya jumba lake, naye Mohamed Ibrahim alipelekwa Cairo kujifunza kupiga ganuni. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Ala zilikuwa udi, ganuni, fidla, na ngoma ndogo za mkono. Na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wengi waliokaa barazani wakisikiliza hawakuyafahamu maneno yaliyokuwa yakiimbwa, isipokuwa waliipenda sauti na walijua kuwa kukaa pale ni daraja.

Katika mazingira hayo Siti alikutana na Ali Muhsin, mpigaji wa chama hicho, ambaye alikubali kumfundisha uimbaji na namna ya kufuatana na ala. Baadaye likaundwa kundi lake mwenyewe pamoja na Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Maalim Shaaban Umbaya. Waliimba Kiarabu walipoalikwa katika majumba ya watawala, na Kihindi waliposikilizwa na Wahindi. Walakini kwao, mtaa wa Ng'ambo, waliimba Kiswahili. Ng'ambo ndiyo sehemu ya mji iliyokuwa upande wa pili wa hori, kutoka Mji Mkongwe wa mawe. Huko waliishi wachukuzi, vibarua, wavuvi, wapishi, na wale ambao wazazi wao walikuwa watumwa. Kundi lilikutana nyumbani kwa Siti nyakati za usiku. Kila mmoja alileta habari aliyoisikia mchana, bandarini, sokoni au mahakamani, na beti zilitungwa kwa pamoja kutokana na habari hizo.

Sifa zilipoenea, husuda nayo ikatokea. Palitungwa beti za kumdhihaki, zikikumbusha kuwa alikuja mjini amevaa kaniki, nguo ya watu wa chini, na kuuliza kwamba kama si sauti hiyo angepata wapi chakula. Sura yake nayo ilisemwa. Siti alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba uzuri wa sura si hoja mtu akikosa akili na tabia njema. Wenye kumdhihaki walidhani wamemtaja kwa aibu, kumbe walikuwa wamesema kweli tupu: sauti ndiyo iliyokuwa mali yake yote, na haikupita miaka mingi kabla ya chombo kipya kuonyesha thamani ya mali hiyo.

Chombo hicho ni santuri. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alilazimika kuimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora mfuo katika nta. Sauti laini zilipotea na fidla ilisikika kwa shida. Kuanzia mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kutumia kipaza sauti na umeme, na kuanzia hapo pumzi ya mwimbaji na mlio wa waya wa udi vikaweza kunaswa. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, nne zikizidi. Hapa ndipo penye taabu kwa taarabu. Wimbo mmoja wa taarabu ukiimbwa barazani waweza kuchukua muda mrefu, kwa kuwa wapigaji hutangulia, mwimbaji hurudia, na wasikilizaji huinuka kutunza. Mbele ya kipaza sauti hayo yote hayana nafasi. Ilibidi beti zichaguliwe, utangulizi ufupishwe, na maneno yasikike waziwazi tangu neno la kwanza. Askari wa mawasiliano anayetuma ujumbe kwa redio anaifahamu adabu hiyo.

Mwezi Machi mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, kuingiza sauti zao kwa kampuni ya Uingereza iliyotumia nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Hizo zikawa miongoni mwa santuri za kwanza za biashara kuimbwa kwa Kiswahili. Ziliponunuliwa kwa wingi, safari ilirudiwa na makampuni mengine yakaingia katika soko hilo. Kusudi la kampuni lilikuwa fedha, na hilo halina shaka. Gramafoni zilikuwa zikiuzwa Afrika Mashariki, na mtu hanunui gramafoni kama hapana santuri ya lugha yake. Desturi ya siku zile ilikuwa kumlipa mwimbaji kwa mkupuo na kuendelea kuuza kazi yake kadiri ilivyowezekana, desturi ambayo wanamuziki wa Afrika wameilalamikia kwa miaka mingi, na kwa haki.

Inafaa kukumbuka kuwa Bombay ile ile ilikuwa ikijenga biashara kubwa ya filamu. Katikati ya miaka ya 1930 watengenezaji wa filamu wa India walianza kutenganisha sauti na sura: mwigizaji alionekana akifumbua midomo katika picha, na aliyeimba alikuwa mwingine, aliyekwisha kuimba chumbani mbele ya kipaza sauti. Watu wa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa waliziimba tuni za filamu hizo, na watungaji wa taarabu walizikopa na kuzitilia maneno ya Kiswahili, bila kuyajua majina ya walioimba. Kusini ya India alikuwapo mwanamke mwingine ambaye habari zake zinashabihiana na za Siti. M. S. Subbulakshmi, aliyezaliwa Madurai mwaka 1916 katika ukoo wa wanamuziki ambao jamii iliwatumia katika sherehe zake lakini haikuwapa heshima kamili, aliimba muziki wa kale wa kusini uitwao Karnatiki. Aliingiza sauti katika santuri akingali mtoto, akaonekana na kusikika katika filamu ya Meera ya mwaka 1945, akaimba Umoja wa Mataifa mwaka 1966, na mwaka 1998 akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya raia wa India, wa kwanza miongoni mwa wanamuziki. Tofauti ipo. Subbulakshmi aliimba zaidi sifa za Mungu. Siti aliimba pia habari za mahakamani.

Turudi basi Unguja. Santuri ziliposhushwa bandarini zilipigwa katika migahawa ya kahawa, ambako mtu asiye na uwezo wa kununua gramafoni aliweza kukaa na kikombe kimoja akasikia. Mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Ulikuwa wakati wa watu wa chini kujiuliza haki yao iko wapi, na sauti iliyotoka katika kisanduku ilikuwa ya mmoja wao. Msikilizaji wa Lamu au wa Tanga hakuiona kaniki wala sura ya mwimbaji. Alisikia lafudhi ya Kiunguja na jambo lililotukia kweli.

Katika nyimbo hizo, ule unaowahusu hasa wanausalama ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia mauaji. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, naye akiwa mja mzito, alifika Unguja kutembea. Kijiti, mwanamume wa hapo mjini, alimchukua wakatoka pamoja na wengine jioni kwenda kustarehe. Walikwenda naye hai, na aliporejeshwa alikuwa maiti. Kesi ikafika mahakamani. Lakini mshitakiwa hakuwapo, kwa maana alikwisha kuvuka bahari na kufika Bara salama. Waliosimama mbele ya hakimu walikuwa wanawake wawili waliokuwa katika msafara ule, na ambao walikuja kueleza walichokiona. Katika maelezo yao ikadhihirika kuwa pombe ilikuwa imenunuliwa, jambo lililokatazwa na sheria ya wakati ule. Hakimu alighadhibika. Mashahidi wakatiwa jela kwa ajili ya pombe, na muuaji akabaki ng'ambo ya maji.

Askari mwenye uzoefu ataona kwamba hapo hapana haja ya kudhani rushwa wala njama. Sheria ya pombe ilikuwapo, mashahidi wameikiri, hakimu ameitumia. Unguja na Tanganyika zilikuwa chini ya Mwingereza zote mbili, lakini zilikuwa serikali mbali mbali, kila moja na mahakama zake na polisi wake, na mkosaji aliyeshuka forodhani Dar es Salaam alikuwa ametoka mikononi mwa askari wa Unguja. Kila mtu alifanya kazi iliyo mbele yake. Jumla ya kazi hizo ikawa kwamba mama amekufa na mtoto tumboni, na waliofungwa ni wale waliojitokeza kusema. Watu wa Ng'ambo hawakutazama kanuni moja moja, walitazama jumla. Na wimbo unaeleza jumla hiyo bila kutukana mtu: unashangaa tu kwamba aliyeua amesalimika na walioshuhudia wameangamia. Kisha unamgeukia Kijiti mwenyewe na kumwonya asithubutu kufika Dar es Salaam, maana huko wako wanaomngoja, na watu wote wanamwapiza.

Neno hilo la mwisho lastahili kupimwa na kila mwenye dhamana ya usalama. Mahakama iliposhindwa kumpata mkosaji, wimbo ulimpeleka kwa ndugu wa marehemu na kwa laana. Hiyo ndiyo njia wanayoishika wananchi wanapoona dola haiwafikishi popote. Vile vile, mtu wa Ng'ambo aliyeusikia wimbo ule, akaona tukio jingine usiku wa pili, alikuwa na sababu gani ya kwenda kituoni? Alikwisha kufundishwa kwamba anayesema alichokiona hutafutwa kosa lake kwanza. Mpelelezi aliyeachwa bila mashahidi alilipa gharama ya hukumu ambayo hakuitoa yeye.

Mambo ya namna hiyo hayakuishia Unguja ya zamani. Ufukoni Mweru, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mvuvi aliyekuwa majini kinyume cha amri hiyo aweza kuwa ndiye mtu pekee aliyeona mtumbwi ukivuka usiku na watu wenye silaha, au na mtu anayetafutwa kwa mauaji. Ana habari, na ana nyavu. Afisa atakayempokea ataamua lipi aliulize kwanza. Sheria ya uvuvi ni sheria nayo haiwezi kudharauliwa, lakini nyavu zitangoja hadi asubuhi, na mtumbwi ule hautangoja.

Si haki, hata hivyo, kumfanya Siti adui wa mahakama. Upo pia wimbo wake juu ya mtu mwenye cheo aliyefungwa kwa kudhulumu mali za wanyonge, na humo hukumu yasimuliwa kwa ridhaa. Kundi lile halikuwa chama cha siasa. Liliimba mapenzi, liliimba mizaha, liliwasema wanaume waliowapiga wake zao, na lilialikwa harusini kwa matajiri na kwa maskini. Lilichokataa ni kunyamaza pale ambapo kila mtu alikwisha kuona.

Askari nao, ikumbukwe, hawakuwa wasikilizaji tu katika historia ya nyimbo za Afrika Mashariki. Ngoma ya beni, yenye mwendo wa gwaride na vyeo vya kijeshi, ilianzia Pwani, na vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliieneza kwa miguu ya askari na wapagazi hadi kusini, ikafika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Vita vile vyenyewe vilimalizika katika nchi hiyo, Jenerali Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Mtu wa sare hupokea wimbo katika kituo kimoja na kuushusha katika kingine, na kwa kawaida hajihesabu kuwa amefanya lolote.

Katika siku zake za mwisho Siti alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert, aliyeandika habari zake katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Jambo hilo nalo lilikuwa jipya, kwamba mshairi mashuhuri wa Kiswahili achukue kalamu kueleza maisha ya mfinyanzi wa Fumba kama vile yaelezwavyo maisha ya watawala. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililipa gazeti lake jina la Sauti ya Siti. Santuri zenyewe nyingi zimevunjika, kwa kuwa ziliumbwa kwa utomvu mgumu usiostahimili kuanguka, na zilizosalia zimo katika hifadhi chache na katika masanduku ya watu.

Wimbo wa Kijiti haukuhitaji masanduku hayo. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyewahi kumsikiliza Siti akiwa hai, aliuimba Unguja na katika majukwaa ya Ulaya mpaka uzeeni, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Palipopita zaidi ya miaka 80 baada ya safari ya kwanza ya Bombay, ungali ukiimbwa, na jina la aliyevuka bahari lingali likitajwa kwa sauti, mbele ya watu, katika mji ule ule alioukimbia.